Ukoko wa Mteremkoni

Jembe la Kolastika liligonga kitu kilicholia kama mfuniko wa sufuria. Alilinyanyua akagonga tena, pembeni kidogo, kikalia vilevile. Akalitupa jembe, akasimama mikono kiunoni, akamwita binti wa kaka yake aliyekuwa ametoka tu kufika kumsalimia.

"Wewe si mtu wa kampuni? Shuka huku unieleze."

Osmunda Turuka alishuka taratibu, akipita juu ya matuta asikanyage maharage. Mteremko mzima wa Litumbo ulikuwa umechimbwa ngoro, kama ulivyochimbwa tangu enzi za mababu: mashimo mapana yaliyopangwa kama sega la nyuki, kila shimo limezungukwa na matuta yake. Wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza chini kwa miraba. Wanawake huchimba katikati ya kila mraba na kuzifunika zile nyasi kwa udongo, kisha hupanda juu yake. Mvua ikija, maji hayapati njia ya kukimbilia bondeni na udongo wa watu. Hutulia shimoni, nyasi zikaoza, ardhi ikashiba. Kwingine watu huchoma nyasi. Hapa huzizika.

Alipiga magoti pale jembe lilipogonga. Alifuta udongo kwa kidole gumba. Chini yake palikuwa na gamba jembamba la kijivu, lenye rangi ya zambarau iliyokuwa ikicheza kama mafuta juu ya maji. Hakuhitaji kipimo chochote. Gamba lile alikuwa akiliona kila siku ya kazi, ila ng'ambo ya uzio, juu ya lundo.

"Ukoko," alisema.

"Ukoko wa nini? Nimepika lini humu?"

"Wa chachu, shangazi."

Kolastika aligeuka akalitazama lundo. Lilikuwa palepale chini ya mteremko, kilima cheusi kilichoachwa na wachimbaji wa makaa ya mawe. Wachimbaji walikuwa wameondoka kabla Osmunda hajazaliwa, dunia ilipoacha kuchoma makaa, na hawakurudi kuulizia mabaki yao. Ndani ya mabaki yale mlikuwa na mawe ya kiberiti. Yakikutana na hewa na mvua yalitoa tindikali, na tindikali iliteremka hadi Mto Mkalole ukawa mwekundu kama maji ya kutu. Samaki waliisha. Ng'ombe waliokunywa walikonda wakiwa wanakula. Watu wa bondeni, ambao hawakuwa na maji mengine, waliyachemsha wakayanywa hivyohivyo.

Ndipo kampuni ya Mavuno Meusi ilipoleta chachu. Ilikuwa kiumbe hai, kidogo kuliko vumbi, kilichotengenezwa maabara kwa kazi moja. Kilikula kiberiti, kikanywa tindikali, na yale madini adimu yaliyofichika ndani ya mabaki kikayavuta na kuyatoa juu yakiwa gamba, kama ukoko unaoshika chunguni. Mashine ilipita kuukwangua, ukapelekwa mbali kutengeneza betri na mitambo ya upepo. Mto ulirudi kuwa mto. Osmunda aliyasomea maisha ya viumbe vya namna hiyo chuo kikuu, akarudi nyumbani kuwa mtunzaji wa chachu. Alikabidhiwa pia ufunguo wa tangi la chokaa, kwa sababu chokaa ndicho kitu pekee kinachoiua.

Chachu ilikula pia chuma chochote kilichoigusa. Juu ya lundo watu walifanya kazi kwa makoleo ya mti, na mashine ya kukwangua ilikuwa ya plastiki ngumu tupu, nyepesi hata watu wanne waliweza kuibeba. Ukisahau sururu huko Ijumaa, Jumatatu unaokota mpini.

"Imevukaje uzio?" Kolastika aliuliza.

Osmunda alichimbua tuta kwa mkono hadi akazifikia nyasi zilizozikwa. Zilikuwa zimeoza vizuri, na juu ya kila mzizi kulikuwa na utando wa kijivu. Alizijua nyasi zenyewe, ingawa kazini alikuwa ameambiwa zinakwenda kwa wafugaji. Kampuni ilizipanda juu ya lundo ili kuzuia vumbi, na kila kiangazi zilipofyekwa lori lilizileta mteremkoni bure, na kitambaa ubavuni kilichoandikwa *Zawadi kwa Majirani*. Watu walishukuru kwelikweli. Nyasi nzuri zilikuwa zimeadimika. Wakazilaza kwa miraba, wakazifunika, na ngoro zikazitunzia unyevu.

"Kwenye nyasi," alisema.

"Na humu inakula nini? Humu hamna makaa."

"Inakula chuma cha udongo. Na vingine vyote ambavyo maharage yanavitaka."

Kolastika aliyatazama maharage yake. Yalikuwa ya manjano kuanzia ncha za majani, na mwezi mzima alikuwa akiilaumu mbegu.

"Kwa hiyo inakula shamba."

"Ndiyo."

"Sema basi hivyo. Unanizungusha na mavitu."

*

Ofisi ya Mavuno Meusi ilisimama juu ya lundo lenyewe, jengo zuri la vioo na nguzo za chuma, sakafu yake ya zege iliyoinuliwa na kufagiliwa kila siku ili chachu isipande. Wageni walipenda kupigwa picha pale. Kampuni ilisema inaishi juu ya kile inachokisafisha.

Meneja Nkwabi alikuwa mtu mpole, wa kuagiza chai kabla ya maneno. Osmunda aliliweka lile gamba mezani juu ya karatasi. Meneja aliligeuza kwa ncha ya kalamu.

"Imefika mpaka wapi?"

"Nimepita mashamba yote jana. Mpaka juu kabisa, kwenye migomba."

"Mapema," alisema Nkwabi.

Osmunda alikuwa na tabia ya kutoamini hasira yake mwenyewe mara ya kwanza. Neno likimchoma, huliuliza tena, maana huenda hakulisikia vizuri.

"Mapema kuliko nini, Bwana Meneja?"

"Kuliko tulivyotegemea. Wataalamu wa makao makuu walidhani itachukua misimu mingi."

"Mlijua inakaa kwenye mizizi."

"Inakaa popote penye unyevu na kitu kinachooza. Wewe ndiye uliyetuandikia hivyo."

"Niliwaandikia habari za lundo. Hakuna aliyeniambia nyasi zinakwenda kuzikwa mashambani. Mimi niliambiwa zinakwenda kwa wafugaji."

"Osmunda, kaa. Kunywa chai." Alisubiri, alipoona hakai akaendelea. "Hatukupanga. Nakuapia. Ila lilipoonekana kwamba linaweza kutokea, hatukulia pia. Lundo linakaribia kuisha madini. Udongo wa mteremko ule ni wa mlima wa zamani, una vitu ambavyo hata lundo halina. Sheria inasema wazi: kinachotolewa na chachu ni mali ya mwenye chachu, popote ilipokitolea. Sheria inafuata kiumbe, haifuati ardhi."

"Na watu?"

"Watapewa unga."

"Unga."

"Unga mzuri, wa kukoboa. Kila kaya. Mashine itaanza kukwangua huko baada ya mvua za kwanza."

Osmunda alitazama dirishani. Kutoka pale mteremko ulionekana wote, matuta na mashimo, kama kitambaa kilichofumwa na mtu asiye na haraka.

"Nina ufunguo wa chokaa," alisema.

"Unao. Na mteremko uko juu, lundo liko chini. Chokaa ya kutosha kuua chachu kwenye mashamba yote yale itashuka na mvua mpaka huku. Itaua chachu yote ya lundo, na hii haipandwi upya. Imechukua miaka kulizoea lundo hili. Halafu tindikali inarudi mtoni. Sisi tutaondoka tu, tuna malundo mengine. Wewe utabaki kuwaeleza watu wa bondeni." Alimsogezea kikombe. "Kwa hiyo naona tuko pamoja."

Hakukinywa. Aliondoka na gamba lake, na ngazini aligundua kuwa alikuwa amelibana mpaka limemkata kiganja.

*

Mkutano ulifanyika katika ghala la zamani la ushirika wa kahawa, Jumapili baada ya misa. Watu wa mteremkoni walijaa mpaka mlangoni. Osmunda aliwaeleza yote kwa sauti yake ileile ya chini, bila kupunguza wala kuongeza, mpaka habari ya unga. Hapo ghala lilichafuka.

"Unga!" alipiga kelele Bonavita, mama wa makamo mwenye shamba chini ya lile la Kolastika. "Mimi niombe unga na jembe ninalo?"

"Fungua hiyo chokaa leo hii!"

"Ufunguo si unao, Osmunda? Umeuvaa shingoni kama msalaba."

Alikuwa ameuvaa kweli. Aliushika bila kujijua.

Nyuma kabisa mtu alikohoa. Alikuwa Gwido Haule, mvuvi wa zamani kutoka bondeni, mwenye meno ya kahawia kama wenzake wote wa rika lake waliokulia kwenye maji mekundu. Alikuja mbele na chupa ya maji, akaiweka juu ya gunia tupu.

"Haya ni ya mtoni, ya leo asubuhi," alisema. "Nimekuja nayo muyaone."

"Tunayaona, mnywa kutu!" mtu alimrushia, wachache wakacheka.

"Cheka, mchimba mashimo. Ulikuwa unacheka hivyohivyo wakati namzika dada yangu." Hakupandisha sauti. "Mkimwaga chokaa yenu, maharage yenu yatakuwa kijani. Nasi tutarudi kuchemsha kutu. Nyie mmewahi kuja kutuchotea hata ndoo moja miaka ile? Chemchemi mnayo huko juu."

Jibu lilikuwa hapana.

"Kwa hiyo tufe sisi?" Bonavita aliuliza.

"Sijasema hivyo, mama. Nimesema na sisi tupo."

Macho yalirudi kwa Osmunda. Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa na sura ya kikombe cha chai kinachosogezwa mezani. Yule meneja alikuwa amekwishaupanga ugomvi huu. Alijua watu wa juu na watu wa chini wangeshikana mashati, naye angesubiri mvua.

"Sifungui chokaa," alisema.

Kolastika alisimama. "Rudia."

"Sifungui, shangazi. Lakini chachu inaweza kutoka bila chokaa. Imeingia na nyasi, iko kwenye nyasi na kwenye udongo uliozifunika. Tukichimbua matuta yote, tukautoa udongo ule wote na nyasi zake, inatoka."

"Unajua unachosema? Udongo ule alianza kuufunika bibi yangu. Ukiutoa, chini kuna nini? Udongo mwekundu. Hauotishi hata magugu ya ndago."

"Najua."

"Msimu huu tutakula nini?"

"Sijui."

"Angalau huo ni ukweli," alisema Kolastika, akatema mate chini mbele ya miguu ya binti wa kaka yake, mbele ya watu wote, akatoka. Wengi walimfuata.

*

Jumatatu Osmunda hakwenda kazini. Alikwenda kwenye shamba la marehemu mama yake, alilokuwa akililima kwa kulipa vibarua, akaanza kuchimbua. Maharage yalikuwa bado nusu hai. Aliyang'oa kwanza. Kisha akafungua matuta moja baada ya jingine, akavuta nyasi zilizooza, akakomba udongo mweusi mpaka akafika kwenye mwekundu, akaujaza kwenye magunia. Gamba lilikuwa likivunjika na kulia chini ya jembe. Kila baada ya muda alilazimika kubadilisha jembe, maana lililolala shimoni lilikuwa limeanza kutafunwa ukingoni.

Kufikia mchana mikono ilikuwa imemchubuka na shimo alilosimama lilionekana kama kidonda. Alikumbuka jinsi mama yake alivyokuwa akiufunika udongo huu kwa mguu, polepole, kama anayemfunika mtoto aliyelala. Akalia kidogo, akaendelea kuchimba.

Gwido alifika na mke wake na dada zake wawili. Alikuwa amesema mkutanoni, wakati watu wanatoka, kwamba ataleta bonde zima.

"Wengine?" Osmunda aliuliza.

"Wanakuja."

"Wanakuja kweli?"

"Wanasema wanakuja," alisema Gwido, akachukua gunia. "Na nyasi za kandokando ya mto zimerefuka. Mkitaka kulaza upya, ni zenu. Zetu hazijapita kwenye lundo."

Waligeuka waliposikia hatua. Kolastika alikuwa amesimama juu ya tuta la mpaka, kapu kichwani, na nyuma yake Bonavita na wanawake wengine, makapu na majembe.

"Sijaja kukusaidia wewe," alisema Kolastika. "Tusielewane vibaya. Nimelala nawaza jambo moja. Huyo bwana wenu anasema kinachotolewa na chachu ni mali yake, popote?"

"Popote."

"Na hii takataka ya shambani kwangu ni mali yake?"

"Kwa sheria yake, ndiyo."

"Basi mali ya mtu haikai shambani kwangu. Kila mtu na mzigo wake." Alishusha kapu. Lilikuwa limejaa udongo wake mwenyewe. "Nionyeshe anapokaa."

*

Kazi ile ilichukua wiki nzima. Walishusha udongo kwa vichwa na kwa mikokoteni, wakipita getini mbele ya walinzi ambao walikuwa wajomba na mashemeji zao, na ambao kila mara waligundua wana jambo la haraka la kutazama upande mwingine. Hawakuumwaga lundoni. Kolastika alikataa, alisema mali hukabidhiwa mwenyewe mlangoni kwake. Waliumwaga ofisini, kuizunguka, juu ya zege lililofagiliwa, mpaka ukafikia nguzo za chuma na kuzizika hadi kimo cha goti, kisha kiuno.

Alhamisi Nkwabi alitoka nje akiwa bado na kikombe mkononi.

"Hii ni nini?"

"Tunarudisha mali, Bwana Meneja," alisema Bonavita, akipangusa jasho. "Hatutaki kuitwa wezi."

"Osmunda, waambie watoe udongo huu."

"Ni wenu. Sheria inafuata kiumbe." Kisha, kwa sababu alikuwa mtu wa kufanya mambo kwa haki hata alipokuwa na hasira, akasogea karibu. "Nakwambia kitu, na nakwambia mbele ya hawa wote. Usiuache hapa mpaka mvua inyeshe. Unaijua chachu ikipata maji. Hao vibarua wako wape makoleo leo."

Nkwabi aliwatazama wale wanawake wenye vumbi, akaitazama tabasamu ya Gwido yenye meno ya kahawia, na kitu fulani usoni mwake kikajifunga.

"Mtautoa wenyewe mkishiba hasira," alisema. "Na wewe, lete ufunguo. Huna kazi tena hapa."

"Ufunguo nitamkabidhi mtunzaji mpya, akiwa na cheti. Hiyo nayo ni sheria."

Ijumaa meneja alikwenda mjini kwa mapumziko ya mwisho wa wiki. Jumamosi mawingu yalishuka toka milimani na mvua ya kwanza ikapiga, nzito, mchana kutwa.

*

Jumatatu asubuhi alikuja mlinzi kumwita Osmunda. Njia nzima alikuwa akibana kicheko kama mtu aliyeko msibani.

Ukoko ulikuwa umeota kwenye ngazi za ofisi. Ulikuwa umepanda nguzo, kijivu na zambarau, mpaka usawa wa madirisha, mzuri wa kutazama kama si jinsi jengo lilivyoegemea. Kona ya upande wa mto ilikuwa imeshuka. Kioo kikubwa cha mbele kilikuwa na ufa kutoka juu hadi chini, na kila baada ya muda kitu ndani ya nguzo kililia, polepole, kama mlango unaofunguliwa na mtu asiyetaka kusikika.

Nkwabi alikuwa amesimama uwanjani, koti mkononi, viatu vimezama kwenye tope. Gwido na Kolastika walikuwa wamekwishafika kutazama. Vibarua wake walikuwa wamekaa juu ya ukuta wakila karanga. Walikuwa wamekwishamwambia kwamba kazi yao ni lundo, habari za mashamba hawazijui.

"Fungua chokaa," alisema alipomwona.

"Wapi?"

"Hapa! Palepale kwenye nguzo! Huoni?"

"Naona." Osmunda aliuvua ufunguo shingoni akaushika kiganjani, mahali palipokatwa na gamba. "Ofisi iko juu, Bwana Meneja. Lundo liko chini yake."

Meneja alitazama lundo, na mashine yake nyepesi ya plastiki, na ukoko uliokuwa ukingoja kukwanguliwa, mzigo wa mwezi mzima. Akatazama nguzo. Nguzo ikalia.

"Nikifungua, utaokoa jengo," alisema Osmunda kwa sauti yake ya chini, "na utaua chachu yote, na mto utarudi kuwa mwekundu, na utakwenda kuwaeleza. Kaka Gwido huyu hapa, unaweza kuanza naye. Nisipofungua, jengo linalala. Niambie tu unachagua lipi kati ya hayo."

"Kuna njia nyingine," alisema Nkwabi. Sauti yake haikuwa na chai tena. "Lazima iwepo."

"Ipo."

Alikwenda ukutani, akachukua koleo la mti, akarudi akampa. Nkwabi alilitazama kama kitu cha makumbusho.

"Udongo wote," alisema Osmunda, "usiache hata tonge, na usilivunje gamba ovyo, vumbi lake linaota. Anza na nguzo ya kona. Na usiuweke pale, wala pale. Hayo ni mashamba."

"Niuweke wapi?"

"Hilo ni la mwenye mali."

Nyuma yao, juu mteremkoni, ngoro zilizokombwa zilikuwa wazi na nyekundu kama nyama, na katika kila shimo maji ya mvua yalikuwa yametulia, hayajakimbia. Hapakuwa na kitu cha kupanda na hapakuwa na wa kusema kitaota nini. Kolastika alikuwa amekaa palepale uwanjani juu ya kapu lake lililopinduliwa, kanga mabegani. Binti wa kaka yake hakuwa amesemeshwa naye tangu siku ile ya makapu.

Meneja alilitundika koti lake kwenye uzio. Akaingiza koleo kwenye tope, likateleza, akaingiza tena, akainua tonge dogo, akasimama nalo, hajui pa kulipeleka.

"Shika chini zaidi, baba," Kolastika alimwambia. "Utaumia mgongo, na hiyo kazi bado mbichi."